Mutoto Alipita ku Dirisha

"Maji iko tayari," Mama Kasika alisema toka inje. "Nisiseme mara ya tatu."

Kavugho alikuwa bado ku kitanda, akijaribu kuamuka. Tangu siku saba kuamuka ilikuwa kazi yenye hatua zake. Kwanza kukunja magoti, moja kisha ingine. Halafu kujigeuza ubavu pamoja na mabega, bila kusokota kiuno. Halafu kushusha miguu chini na kusukuma godoro kwa mukono, huku mukono mwingine ukishika tumbo na kikwembe, kitenge kilichokunjwa mara ine. Akikosea hatua moja, kidonda kilimukumbusha. Hakikumuuma kama mwiba wala kama moto. Kilimuvuta, sawa vile mutu alikuwa amesimama mule ndani akishika ncha ya kamba.

Alifika mpaka ubavu, akapumuzika. Kando yake Bénie, mutoto wake wa siku saba, alilala na ngumi mbili karibu na masikio, kama mutu mwenye hataki kusikia mambo ya nyumba hii.

Inje kuni zililia chini ya sufuria kubwa. Harufu ya mubirizi, yale majani machungu yenye Mama Kasika, mama mukwe wake, alichemusha kila asubui tangu batoke hospitali, iliingia chini ya mulango. Asubui ya kwanza Kavugho alisema ana homa. Asubui ya pili mutoto alilia mpaka maji ikapoa. Leo homa haikuwako, mutoto alikuwa analala, na Jéthro, bwana yake, alikuwa amewasha pikipiki mapema akapeleka client Beni, mbio mbio, kama mutu aliyesikia harufu ya majani mbele yachemuke.

Infirmière, muuguzi wa hospitali, alikuwa amesema mambo matatu siku ya kubaachilia. Maji isiguse kidonda mpaka siku ya kuondoa nyuzi, ni kusema kesho. Tumbo isikandwe. Na muzazi asibebe kitu chenye uzito kupita mutoto. Mama Kasika alikuwa hapo, akaitika kwa kichwa mara tatu. Kufika tu nyumbani, kule Mususa, mu muji wa Butembo, akauliza sufuria kubwa iko wapi.

"Maman," Kavugho akaita toka kitandani, "infirmière alisema maji bado."

"Ule mudogo mwenye lunettes ku macho? Ana batoto ngapi?"

"Hajaolewa."

"Njo vile," Mama Kasika akasema, na kuni zikalia tena.

Alikuwa mujane mwembamba, mwenye kutembea na rozari ndani ya mufuko wa kanzu na kusali akifanya kazi, hata akigombana. Alizaa batoto munane, saba nyumbani na mumoja shambani, chini ya mukakao. Tangu mwaka wa Ebola alinawa mikono kuliko muganga yeyote, lakini hospitali yenyewe hakuiamini. Kule Mangina, ku hospitali ya karibu na shamba lake, alikuwa ameona batu bakiingia kwa miguu yao na kutoka bakibebwa. Kwake hospitali ilikuwa mahali pa kukata. Kuponesha, ni nyumba.

Na hakuja Butembo mikono mitupu. Alileta mifuko mbili ya kakao toka shamba lake la Mabalako, kakao iliyomaliza siku zake za kuchacha mu kasha, chini ya majani ya ndizi, lakini haikupata jua, juu habari za kule zilikuwa mbaya na hakutaka kuiacha. Akaianika juu ya bâche, turubai ya plastiki, mbele ya mulango wa Jéthro, mahali pote pa kupitia, hata mutu wa kwenda choo alipaswa kuruka. Sasa jua ya Butembo ni jua ya kuazima. Inakuja saa ine, saa nane mwenyewe amekuja kuichukua. Mama Kasika alikuwa akiitazama mbingu kama mutu anayetazama mukopeshaji, na Kavugho, mwenye tumbo ya kushonwa, akawekwa mulinzi wa kuku.

Kavugho aliijua kakao. Miaka ine alikuwa mwenye kuchagula mbegu ku depot moja ya Mususa, ameikala chini na bamama wenzake, nzuri huku, yenye ukungu kule. Kwa macho zote zinafanana. Sikio njo linajua. Mbegu iliyokauka, ukiitikisa mu ngumi, inasema. Yenye ingali na maji ndani inanyamaza.

Alikuwa amefika kushusha miguu chini wakati sauti ingine ilipiga hodi.

"Tunaingia, tunaingia. Musifunge mulango, tuko na Mungu."

Ilikuwa Jeannine, jirani wa parcelle ya pili, kiwanja cha kando, na mukubwa wa Shirika, bakristu wa barabara yao wenye kusali pamoja. Nyuma yake bamama wawili. Jeannine akaruka kakao, akaingia, akatafuta kiti kwa macho, akaikala ku kitanda. Godoro ikainama upande wake. Kavugho akateleza naye, na ile kamba ya ndani ikavutwa mpaka akashika ukuta.

"Pole, mama. Pole sana. Mais unanona," Jeannine akasema. "Mi, kisha kuzaa Elysée, siku ya tatu nilikuwa naenda ku shamba na jembe."

"Ulisemaka siku ya ine," mama mumoja akasema.

"Ya tatu nilikuwa naenda. Ya ine nilikuwa narudi."

Kavugho akacheka mbele ajikataze. Hospitalini alijifunza kuogopa vitu vitatu: kukohoa, kupiga chafya na batu wenye kuchekesha. Akakamata kikwembe kwa mikono yote mbili, akakifinya juu ya tumbo, akainamisha kichwa. Machozi ikatoka.

"Ni furaha," mama wa pili akasema kwa upole.

Mama Kasika aliingia na thermos, ile chai ya maziwa ya muzazi, akaimimina mu bikombe vya bageni mpaka ikaisha.

"Na uchungu, ulisikia?" Jeannine akauliza. "Ao banakulalisha tu?"

"Siku moja na usiku wote," Kavugho akajibu. "Kisha banasema mutoto hapiti."

"Kisha banamulalisha, banamutolea," Mama Kasika akamalizia. "Siye bote hapa, mutoto anapitaka ku mulango. Wake alipita ku dirisha."

Bamama bakacheka. Jeannine akamuinama mutoto. "Kumbe kamwizi haka. Kapita ku dirisha."

Kavugho hakucheka, na safari hii haikuwa juu ya kidonda. Neno hilo la dirisha mama mukwe wake alilisema hospitalini mbele ya chumba chote. Alilisema kwa motard, mwenye pikipiki mwenzake Jéthro, aliyebaleta nyumbani. Jana alilisema kwa muuzaji wa maziwa, ambaye hakuuliza kitu. Kila mara batu bakacheka, na kila mara Kavugho akasikia kama ameiba mutoto wake mwenyewe mahali.

Bakasali. Jeannine alisali murefu, kwa ajili ya barabara ya Beni, kwa ajili ya amani, kwa ajili ya benye bamekimbia mashamba, na mwishoni akanyoosha mukono juu ya Kavugho: "Na huyu binti yako, Bwana, umuondolee ulegevu, arudie kazi mbio."

"Amina," bote bakasema. Kavugho aliitika kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya amani, kwa ajili ya benye kukimbia. Ile ya ulegevu akairuka, kama Jeannine alivyoruka kakao.

Walipotoka, bakienda kusalia mugonjwa mwingine upande wa soko, Mama Kasika hakupoteza wakati. Aliingia na bassin, mvuke ukimufunika uso, akaiweka chini, akafunga mulango kwa kisigino.

"Bon. Mungu ameisha kupita. Simama, vua."

"Maman, hapana."

Neno lilikuwa dogo. Lakini miaka mitatu ya ndoa Kavugho hakuwa amelisema kwa mama mukwe wake, na wote wawili bakabaki bakilisikiliza.

"Hapana," Mama Kasika akarudilia, taratibu, kama mutu anayeonja mboga isiyo na chumvi. Akaikala ku kiti kidogo. Rozari ikalia mu mufuko wa kanzu. "Kavugho, unafikiri mi napenda kubeba maji ya moto? Na mugongo huu? Nilikuwa na dada yangu mukubwa. Alizaa vizuri, mutoto muzuri. Hatukumukanda, juu mvula ilinyesha juma yote na kuni zote zilikuwa zimelowa. Damu mubaya ikabakia mule. Siku kumi na mbili, tumbo kama ngoma. Tukamuzika mu ile mvula. Tangu siku ile mi siachaka kuni kulowa."

Kavugho hakujua habari hiyo. Hata Jéthro hakuwa ameisema, labda hakuijua. Akasikia huruma, na kasirani haikuondoka, ilisogea tu pembeni ili huruma ipate nafasi.

"Pole, Maman. Mais dada yako hakukatwa."

"Kukatwa, kukatwa. Kila siku kukatwa. Mi nilijikata panga ku muguu, nikatembea mpaka Mangina. Nilisema kitu?"

Hapo uvumilivu wa Kavugho ukaisha. Hakupandisha sauti, kwa sababu kupandisha sauti pia kunauma. Alifanya hatua zake zote, magoti, ubavu, mukono, miguu, mpaka akasimama, amepinda kidogo kama mwenye kufagia. Akaegemea ukuta. Akafungua kikwembe, akakiacha kianguke juu ya kitanda, akashika ukingo wa plasta upande wa kushoto. Plasta ilitoka na nywele na ngozi kidogo. Akaivuta mpaka mwisho, akainua tumbo kwa mikono mbili, kama mutu anayeinua unga mu kitambaa.

"Maman, unasemaka dirisha. Angalia dirisha yenyewe."

Kavugho hakuwa amekiona kidonda chake. Tumbo, ingali kubwa na laini, ilikifunika, na hapakuwa kioo mu chumba. Kwa hiyo aliangalia uso wa mama mukwe wake, na akakiona pale. Kwanza midomo iliyokuwa tayari kusema ikafunga. Halafu macho yakaanza upande mumoja yakaenda polepole, yakienda tu, na Kavugho akawaza: kumbe ni kirefu hivi. Yakafika upande mwingine, yakakaa, yakarudi njia ileile.

"Banashona na uzi mweusi," Mama Kasika akasema mwishoni.

"Sijui. Sijaonaka."

"Ni mweusi." Akavuta kiti karibu. Hakugusa. "Hapa katikati iko nyekundu. Huku inaanza kukauka."

"Inakauka juu. Infirmière alisema banakata ngozi, banakata mafuta, banakata nyama, mpaka ku nyumba ya mutoto, kisha banashona kila kitu na yake. Juu inatangulia. Ndani inakuya nyuma." Akaelekeza kidevu ku mulango. "Maman, kakao yako ile inje, juu imekauka vizuri. Leo unaweza kuitia mu mufuko?"

Mama Kasika akamutazama kama mutu aliyepigwa na fimbo yake mwenyewe.

"Nani anaongea kakao hapa?" akasema. "Funika. Baridi itaingia."

Alisimama, akabeba bassin, maji ikamwagikia miguu yake, akatoka hivyohivyo. Kavugho akarudisha plasta namna alivyoweza, akafunga kikwembe, akasikiliza. Hakusikia maji ikimwagwa. Alisikia bassin ikiwekwa tena karibu na moto. Akafunga macho. Mutu wa namna hii, unafanya naye nini?

"Naenda ku soko kutafuta chumvi," Mama Kasika akasema toka inje. "Angalia kuku."

*

Saa nane haikufika, mwenyewe akaja kuchukua jua yake.

Kavugho alikuwa ku kiti mbele ya mulango, na fimbo ya kuku juu ya magoti. Upande wa milima mbingu ilikuwa nyeusi kama masizi. Upepo ukapita chini ya bâche, ukainua pembe moja, ukaiacha. Akaita: "Jeannine." Kuita kulimuvuta chini ya kitovu. Akaita tena, kidogo zaidi. Parcelle ya pili ilikuwa imefungwa, Jeannine na wenzake bangali kwa ule mugonjwa, pengine bakimusalia naye aondolewe ulegevu.

Tone la kwanza lilianguka ku mukono wake. La pili juu ya manjanja, mabati ya nyumba, likapiga kama mutu anayebisha.

Alijua kazi yenyewe. Unakusanya pembe ine za bâche, kakao inakimbilia katikati, unaivuta mpaka chini ya baraza. Mutu mumoja muzima anaiweza. Hatua sita. Mara ngapi ameifanya na tumbo yake nzima, bila kuwaza.

Aliona pia, vizuri kabisa, kile kitakachotokea asipoifanya. Alikuwa ameshika mbegu kama hizo ku depot, mbegu zilizonyeshewa na kuanikwa tena, zenye nywele nyeupe za ukungu, na alizitupa upande wa mbaya bila kuuliza nani alizivuna. Hizi alijua nani. Mama mwenye mugongo mubaya alivunja matunda yake kwa panga, moja moja, akazifunika na majani, akazibeba mpaka ku barabara kuu akisali. Na alijua neno litakalosemwa kwa Jeannine, kwa motard, kwa muuzaji wa maziwa: alikuwa ameikala pale, fimbo mu mukono, anatazama.

"Nyamuhanga," akasema, jina la Mungu kama mama yake mwenyewe alivyolitaja kule kijijini. Akaweka fimbo chini.

Hakuinama. Alishuka kwa magoti, mugongo wima, mukono mumoja ukishika mulango, mpaka akafikia pembe ya kwanza. Akaivuta. Kakao ikazunguka kidogo, ikalala. Akashika pembe ya pili, akaziunganisha, akarudi nyuma na uzito wote. Bâche ikasogea kiasi cha muguu mumoja. Ndani ya tumbo kitu kikasogea pia. Ile kamba haikuvutwa tu safari hii. Ilikuwa kama imepata mwenye kuivuta kweli.

Mvula ikaongeza. Akavuta tena.

"Wacha."

Mama Kasika alikuwa anakuja mu kinjia, viatu mu mikono, kitambaa cha kichwa kimeanguka ku mabega. Kavugho akafikiri anaambiwa anavuta vibaya. Akashika pembe vizuri zaidi, akavuta.

"Wacha, Kavugho. Nasema wacha." Alikuwa amefika. Alipita juu ya kakao yake, miguu ikizama ndani, mbegu zikiruka huku na huku, akafika akamutosha vidole ku bâche, kimoja kimoja, kama mutu anayenyanganya mutoto kisu. "Acha ilowe."

"Itaharibika, Maman."

"Naona. Nina macho." Akamushika chini ya kwapa. "Simama. Polepole. Siyo hivyo, namna yako ile, ya hospitali. Wewe ni mutu wa namna gani, nakuambia angalia kuku, unashindana na mvula?"

Bakaingia chini ya baraza hatua kwa hatua. Wakati Kavugho alifikia kiti, mvula ilikuwa inapiga manjanja mpaka hakuna neno lililosikika. Mama Kasika akapiga magoti mbele yake, akafungua kikwembe bila kuomba ruhusa, akainua, akatazama muda murefu. Akanyoosha kidole kimoja mbele ya uso wa Kavugho. Nukta moja ya damu ku kidonda. Moja tu. Akaonesha kwa kidole: hapa, upande wa kulia. "Kesho, ku hospitali, tutaonesha pale," akapaza sauti ku sikio la Kavugho.

"Nitaambia ule mudogo wa lunettes," akasema wakati mvula ilipotulia kidogo, "kwamba mi sikukanda."

"Utaambia."

"Nitamuambia pia hajui kushona. Uzi mweusi."

Kavugho akafinya midomo. Usinichekeshe, akaomba ndani ya roho; mutu mwingine yeyote anichekeshe, si mama mukwe.

Mule ndani Bénie akaanza kulia. Mama Kasika akamuleta, akamuweka ku titi la mama yake, akarekebisha kikwembe chini ya miguu ya mutoto ili isipige kidonda. Kila mutoto aliponyonya, tumbo ikajikaza, na Kavugho akapumua polepole. Mama mukwe akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi na bassin. Maji ya mubirizi ilikuwa imebaki na moto kidogo tu.

Kavugho akaikaza mikono.

"Ikala," Mama Kasika akasema. "Sigusi ku dirisha."

Akashika muguu wa kushoto wa Kavugho, akauingiza mu maji, halafu wa kulia. Zilikuwa miguu zenye Kavugho hakuwa amezifikia tangu mwezi wa saba wa mimba. Mama Kasika aliziosha bila haraka, katikati ya vidole, nyuma ya visigino, akikanda pale ambapo hapakukatwa kitu, na midomo yake ikisogea, labda rozari, labda matusi kwa mvula.

Mbele yao kakao ilielea. Maji ya mvula ilizisukuma mbegu za pembeni moja moja mpaka ku kizingiti. Mama Kasika akaokota moja kwa mukono uliolowa, akaifunga mu ngumi, akaitikisa karibu na sikio. Akasikiliza. Halafu akampa Kavugho, naye akaitikisa, na bote wawili bakatega masikio, bakingoja kama itasema.